Kiinitete cha Lulu Hakikustahili Kupandikizwa

Kimeng'enya cha Cas9, ambacho timu ya mtafiti He Jiankui wa Shenzhen, China, ilikidunga ndani ya mayai ya binadamu, asili yake ni bakteria, ambao hukitumia kukata DNA ya virusi wanaowashambulia. Bakteria huzaliana kwa kujigawa kuwa mbili. E. koli ikipata chakula na joto la kufaa humaliza kazi hiyo kwa dakika 20 hivi, na kila seli inayotokea ni kiumbe kamili. Mtafiti akikosea kukata jeni ya bakteria, huitupa koloni yao na kuchukua nyingine. Vitabu vya baiolojia vimezoea kuuweka mgawanyiko huo na uzazi wa binadamu katika jedwali moja la mfanano na tofauti, na jedwali hilo limepotosha wanafunzi wengi kwa kuwa halionyeshi gharama ya kosa. Zaigoti ya binadamu haina koloni ya akiba. Ina kromosomu 46, nusu za mama na nusu za baba, na badiliko linaloingia humo huweza kufika katika kila kiungo cha mtoto, hadi mayai au manii yake, kisha likarithiwa na wajukuu. Jaribio la He la mwaka 2018, lililokusudia kuwapa watoto kinga dhidi ya VVU na ambalo mapacha Lulu na Nana walizaliwa kwalo, liliendeshwa kana kwamba tofauti hiyo haipo.

Kiufundi, kazi ya awali ya maabara haina dosari kubwa: manii ya baba mwenye VVU yalioshwa, mbegu moja ya kiume ikadungwa ndani ya kila yai pamoja na Cas9, na viinitete vikakuzwa kwa siku kadhaa. Lakini kuosha manii ndiyo njia iliyokwisha kuthibitika ya kumwepusha mtoto na virusi vya baba, kwa hiyo haja ya kugusa jeni ilikuwa imekwisha kabla ya kimeng'enya kutoka kwenye sindano.

Kosa lisilotetewa lilikuja baada ya vipimo. Seli chache zilitolewa katika kila kiinitete na DNA yake ikasomwa. Katika kiinitete cha Nana, nakala zote mbili za CCR5, jeni iliyolengwa kuzimwa, zilikuwa zimevurugika: moja iliongezewa herufi moja, nyingine ilipoteza nne. Katika kiinitete cha Lulu, nakala moja ilipoteza herufi 15 na ya pili ilibaki nzima. Herufi za jeni husomwa tatu tatu. Zikitoka 15, protini hupungukiwa na asidi amino tano tu, na sehemu inayofuata husomwa kama kawaida. Nayo nakala nzima huendelea kutengeneza kipokezi kilekile ambacho VVU hukitumia kuingia katika seli. Kiinitete hicho hakikuwa na kinga iliyokusudiwa, na karatasi ya majibu ilionyesha hivyo waziwazi. Hata hivyo kilipandikizwa.

Utetezi uliotolewa ni kwamba wazazi waliarifiwa wakakubali. Ridhaa haibadilishi majibu ya kipimo. Mtoto alibebeshwa hatari zote za ukataji bila faida iliyokuwa sababu ya kukata. Tena, hakuna kiinitete kati ya hivyo viwili kilichopata badiliko la delta 32, yaani upungufu wa herufi 32 katika jeni hiyo, unaofahamika kwa watu wenye asili ya Ulaya kuwa kinga dhidi ya VVU. Mabadiliko yaliyotokea yalikuwa mapya, na athari zake hazikuwa zimechunguzwa kwa mnyama yeyote. Hata delta 32 yenyewe haizuii aina za VVU zinazopitia kipokezi kingine, CXCR4.

Kipimo chenyewe pia kilikuwa na mpaka wake. Seli zinazochukuliwa siku ya tano hutoka kwenye tabaka la nje, ambalo huja kuwa kondo la nyuma. Mwili wa mtoto hutokana na fungu la ndani. Cas9 huweza kuendelea kukata baada ya zaigoti kuanza kugawanyika, hivyo seli za kiinitete kimoja zikatofautiana. Sampuli ndogo haiwezi kuthibitisha kwamba zote ziko sawa.

Waanzilishi wa urutubishaji nje ya mwili, Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy, walifanya kazi kwa nidhamu nyingine. Ripoti ya kurutubisha yai la binadamu nje ya mwili ilichapishwa mwaka 1969, lakini Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978. Katika miaka hiyo walishindwa mara nyingi, na kila walipoiona kasoro waliibadili njia. Hatimaye waliacha dawa za kuchochea mayai na kutumia yai la mzunguko wa kawaida wa mama. 

Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu He kifungo cha miaka mitatu na faini ya yuan milioni tatu kwa kuendesha tiba kinyume cha sheria. Kosa la kitaalamu linasimama peke yake hata bila sheria hiyo: kiinitete ambacho kipimo kimeonyesha kuwa hakikupata badiliko lililokusudiwa hakipandikizwi.