Kukataza na Kutaja: Uhakiki wa Ubobezi wa Lazima wa Mchawi katika Dungeons & Dragons

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974, huchezwa kwa maneno. Kila mchezaji huvaa uhusika mmoja, naye msimamizi husimulia ulimwengu ambamo wahusika hao wanapita. Kitabu cha kanuni, kwa hiyo, ni matini inayoamua nani atatenda katika masimulizi na nani atabaki msikilizaji. Tatizo la mchawi linaanzia hapo. Mpiganaji ana upanga wake tu, ilhali mchawi aliyekomaa hufungua milango, huruka kuta, husoma nia za maadui na kuteketeza kikosi kizima. Mhusika mmoja anapokuwa na jibu la kila swali, wenzake huwa watazamaji wa hadithi iliyopaswa kuwa yao pia.

Dawa inayopendekezwa mara kwa mara ni ubobezi wa lazima, yaani mchawi alazimishwe kushika tawi moja la elimu yake na kuacha mengine. Makala hii inadai kwamba kufaulu kwa dawa hiyo hakutegemei ukali wa kizuizi, bali namna kanuni ilivyoundwa: je, inakataza au inataja?

Toleo la 3.5 (2003) ni mfano wa kukataza. Matamko ya kichawi yamegawanywa katika matawi manane: ulinzi, uitaji, utabiri, utekaji wa akili, uibuaji wa nguvu, kiinimacho, uchawi wa mauti na ugeuzaji. Mchawi anayeamua kubobea hupata nafasi moja ya ziada kwa siku katika kila daraja la matamko analolimudu. Kwa kawaida hulipia faida hiyo kwa kuacha matawi mawili, ila utabiri hauachwi. Kwa juujuu hicho ni kizuizi. Kwa undani ni biashara yenye faida, kwa kuwa mchezaji mwenyewe ndiye anayechagua cha kuacha, naye huacha asichokihitaji. Aidha, Complete Arcane (2004) iliorodhesha makombora ya moto na ya asidi chini ya uitaji. Aliyeacha uibuaji wa nguvu hakupoteza uwezo wa kuunguza. Ubobezi huo ulikuwa wa hiari. Kuufanya wa lazima kungewagawia wachawi wote tuzo ileile.

Kiini cha kasoro hii ni cha kisemantiki. Kukataza tawi kuna maana iwapo tawi lina mpaka. Tamko la kuponya majeraha, ingawa ni la kasisi wala si la mchawi, linaonesha jinsi mipaka hiyo ilivyo legevu. Katika toleo la mwaka 1989 liliwekwa chini ya uchawi wa mauti. Mwaka 2000 likahamishiwa uitaji. Mwaka 2014 likawa uibuaji wa nguvu. Na mwaka 2024 likaingizwa katika ulinzi. Kazi ya tamko ilibaki ileile, jina la kundi likabadilika. Mtaalamu wa ngeli hatashangaa, kwa sababu vigezo vya maana peke yake huyumba. Hata hivyo, katika ngeli maana inapoyumba, upatanisho wa kisarufi hushikilia kundi. Matawi ya uchawi hayana upatanisho wa kuyashikilia.

Kanuni inayotaja huenda njia nyingine. Player's Handbook II (2006) ilileta mhusika wa kichawi aliye mlaghai, ambaye matamko yake yameorodheshwa moja baada ya jingine. Huyajua yote yaliyomo, na machache anayoongeza kadiri anavyokua lazima yatoke katika utekaji wa akili au kiinimacho. Hapa mchezaji hachagui cha kuacha, na kitabu kipya cha matamko hakimfungulii kila mlango. Zaidi ya hayo, jina lake linalingana na kazi yake, jambo ambalo msamiati wa Kiswahili umelizoea: mganga, mpiga ramli na mnajimu hutambuliwa kwa wanachokifanya, wala si kwa walichokatazwa. Mwenzake mwenye upanga anajua mapema ni wapi atahitajika.

Inaweza kupingwa kwamba orodha iliyofungwa huua ubunifu, na kwamba mvuto wa mchawi ni kutotabirika kwake. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa sababu ubora wa orodha hautazidi busara ya aliyeiandika. Lakini inaupima ubunifu kwa mchezaji mmoja tu, ilhali masimulizi ya mezani ni mali ya wote walioketi. Mlaghai anayekabiliwa na mnyama asiyelaghaika hulazimika ama kubuni ama kumwachia mwenzake nafasi. Mchawi wa toleo la 3.5, hata baada ya kuacha matawi mawili, alikuwa bado na sita.