Herufi Zimefunguliwa, Mipangilio Bado: Tahakiki ya xmobar

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Katika insha hii ninahakiki mstari mmoja tu: ule ukanda mwembamba unaokaa kwenye ukingo wa skrini ya kompyuta ukionyesha saa, tarehe, chaji ya betri na mengineyo. Programu ninayoizungumzia ni xmobar, iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell na inayotumiwa zaidi kwenye Linux. Ninadai kwamba maboresho ya uchoraji wake wa maandishi yameifungulia mlango kila lugha, ila mipangilio yake bado inamdhania mtumiaji kuwa mwanaprogramu anayetaja siku kwa Kiingereza.

Nianze na sifa zake. Kabla ya toleo la 0.45, xmobar ilichora maandishi kwa Xft, ambayo hupanga herufi mojamoja kutoka kushoto. Kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, hilo halina madhara. Lakini Kiswahili kina karne kadhaa za kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tenzi za Pate na Lamu ni ushahidi. Herufi hizo hushikana, hubadilika umbo kulingana na nafasi katika neno, na husomwa kutoka kulia. Zikichorwa mojamoja, neno huvunjika na kugeuka nyuma mbele. Toleo la 0.45 lilihamia kwenye cairo na Pango. Pango hulitazama neno zima kabla ya kulichora, na fonti moja ikikosa herufi, hutafuta nyingine yenye herufi hiyo. Hata kutaja fonti kumerahisika: badala ya "xft:DejaVu Sans:size=10", sasa unaandika "DejaVu Sans 10".

Kasoro zinaonekana unapofungua faili la mipangilio. Tazama mstari huu:

Run Date "%A %d %B %Y" "tarehe" 10

Namba ya mwisho inaeleza tarehe isasishwe kila baada ya muda gani. Kumi hapo ni sekunde moja, kwa sababu kipimo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Asiyesoma mwongozo hawezi kulijua hilo. Zito zaidi ni kwamba Date hutoa majina ya siku na miezi kwa Kiingereza. Anayetaka kuona "Jumatano" lazima atumie amri nyingine, DateZone, aipe jina la lugha kama "sw_KE.UTF-8" na eneo kama "Africa/Kampala". Tena, amri hiyo haipo ikiwa programu iliundwa bila kipengele hicho.

Nakiri kwamba mipangilio hii ina nguvu. Ukimpa DateZone eneo la "Etc/GMT+3", ambalo liko saa sita nyuma ya Kampala, na ukatumia "%I" kuonyesha saa, basi saa 07:00 ya Kizungu itaonekana 01:00, yaani saa moja asubuhi kama tunavyoitaja. Ni ujanja mzuri, lakini ni ujanja: unaidanganya kompyuta kuwa uko ng'ambo ya Atlantiki ili ikusomee saa ya nyumbani kwako.

Huenda mtu akasema programu hii ni ya bure na asiyeridhika airekebishe mwenyewe. Jibu hilo lina haki kwa anayejua Haskell. Kwa mwanafunzi wa lugha, ni sawa na kukaribishwa kwenye nyumba ambayo ufunguo wake umefichwa.

Kwa maoni yangu, Date ingefuata lugha ambayo mtumiaji amekwisha kuichagua kwenye kompyuta yake, na DateZone ibaki kwa wenye mahitaji maalumu. Maandishi kuchorwa vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwezesha msomaji kuyaweka maandishi yake mwenyewe pale juu, bila kwanza kujifunza lugha ya mashine.