Nuru Isiyoonekana: Uhakiki wa Istilahi za Nanoneli na Plasmoni

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Mwaka uliofuata Sumio Iijima, huko Japani, alichapisha maelezo yake ya neli za kaboni zenye kipenyo cha nanomita chache. Hivyo si haki kuilaumu kamusi hiyo. Deni ni letu tuliokuja baadaye.

Jina lenyewe lina walakini. "Neli" na "mrija" humfanya msomaji atarajie kitu kinachopita ndani, ilhali kazi yote hufanyika ukutani. Watafiti wa IBM walipopitisha umeme katika nanoneli moja mwaka 2003, elektroni ziliingia upande mmoja na matundu upande wa pili. Zilipokutana, nuru ikatoka. Hata hivyo, naikubali "nanoneli", kwa kuwa umbo ndilo linaloitambulisha.

Ugumu zaidi umo katika nuru yenyewe. Sehemu kubwa yake ni infraredi, isiyoonekana kwa macho. Kuiita "mwanga" kunapotosha, sembuse kwamba mwanga ni pia mchawi wa usiku! "Mionzi" nayo humpeleka msomaji hospitalini. Ninapendekeza "mnururisho", ingawa ni neno zito mdomoni.

Kuhusu plasmoni, tafsiri "mtikisiko wa elektroni" inaeleza nusu tu, kwa kuwa inaliacha wimbi la nuru lililofungamana na mtikisiko huo juu ya uso wa metali. Mfano ulio karibu uko juu ya mapaa ya Majengo, Moshi: antena za televisheni, ambazo urefu wa fito zake hufuata urefu wa wimbi linalopokewa. Chembe ya dhahabu iliyo kando ya nanoneli hufanya kazi ya antena, ila inaweza kuwa fupi kuliko nusu ya wimbi. Ndiyo maana ningeikataa istilahi "kikuza-nuru". Dhahabu haiongezi nishati yoyote. Huharakisha utoaji wake, na ikisogezwa karibu mno huimeza nishati hiyo ikawa joto. Mwanafunzi akikariri "kikuza" atatafuta chanzo cha nguvu kisichokuwapo.

Mwanafunzi huyo, aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba, huhamia Kiingereza kidato cha kwanza. Kosa la istilahi analolibeba kutoka huku halina mwalimu wa kulisahihisha kule, kwani kule haliulizwi kwa jina hilo.