Kisoma Kadi Kizuri Hakibahatishi

Kisoma kadi kilichokufa hakimsumbui fundi. Hukiunganisha, kikanyamaza, naye akakiweka kando na kuchukua kingine. Kinachomaliza siku nzima ya mtu ni kile kinachosoma asubuhi na kukataa mchana, au kinachokubali kadi pale tu unapokibana kwa kidole gumba. Wanaotengeneza kufuli za milango, daftari za mahudhurio na miradi ya maonyesho ya sayansi kwa kutumia Arduino wanakijua vizuri. Kwangu mimi, ubora wa kisoma kadi ni uthabiti: kadi ileile, kwa umbali uleule, ilete jibu lilelile kila mara.

Nazungumzia hasa kile kibao cha bluu kiitwacho RC522, kwa sababu ndicho karibu kila mwanafunzi wa elektroniki anaanza nacho, awe amenunua Kariakoo au Luthuli Avenue. Kimebeba chipu ya MFRC522 iliyobuniwa na kampuni ya NXP ya Uholanzi, kinafanya kazi kwenye masafa ya megahezi 13.56, na kina pini nane. Mara nyingi huja na kadi moja nyeupe na kidude kimoja cha bluu cha kuning'iniza kwenye funguo. Usikitupe hicho kidude. Kitatoa ushahidi baadaye.

Anza kwa macho, kabla ya umeme. Vibao vingi huuzwa pini zikiwa pembeni, hazijalehemiwa, na hapo ndipo ugonjwa mwingi unapozaliwa. Mtu huzipenyeza pini kwenye matundu, akaona zimeshika, akaendelea na kazi. Pini iliyoshika kwa kubanwa tu hugusa leo na kuachia kesho. Hata iliyolehemiwa ina daraja zake. Lehemu nzuri imepanda kwenye pini kama kichuguu, imetandaa chini hadi kufunika duara lote la shaba, na haina ufa. Lehemu mbaya imekaa kama shanga juu ya pini bila kushikana na kibao, au ina mstari mwembamba mweusi unaoizunguka pini. Ukiona mstari huo, usiendelee. Weka maltimita kwenye mlio, gusisha ncha moja juu ya pini na nyingine kwenye njia ya shaba au kipande kilichounganishwa na pini hiyo, kisha itikise pini polepole. Mlio ukikatika hata kidogo, umeshampata mwizi, tena bila kuandika mstari mmoja wa programu. Fanya hivyo pia kwa waya za kuchomeka, kwa kuwa zile za bei ya chini hukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima.

Halafu umeme. Kibao hiki kinataka volti 3.3, na chipu yake haijatengenezwa kuvumilia zaidi ya volti 4. Anayekipa 5 huenda akakiona kinafanya kazi kwa muda, kisha kikaanza kuchagua kadi, kisha kikanyamaza. Kununua kilichotumika kwenye mradi wa mtu mwingine kuna hatari hiyo: jeraha la volti 5 halionekani kwa nje. Tatizo pia liko kwenye nyaya za mawasiliano, maana Arduino Uno hutuma ishara za volti 5. Wengi huziunganisha moja kwa moja na mradi ukaenda, lakini mimi siwezi kuuita huo ufundi. Weka rezista za kugawa volti au kigeuza ishara, au tumia ESP32 ambayo yenyewe huzungumza kwa volti 3.3.

Kipimo cha umeme kina mahali pake. Usipime kwenye Arduino. Pima kwenye pini za kisoma kadi chenyewe, tena kikiwa kazini. Maelezo ya chipu yanasema sehemu ya kutuma mawimbi kwenye antena huvuta miliampia 60 kwa kawaida, na inaweza kufika 100, ilhali pini ya volti 3.3 ya Uno imetajwa kutoa miliampia 50. Ukiongeza skrini ndogo kwenye pini hiyohiyo, volti huzama kila antena inapowaka. Kapasita ya mikrofaradi 10 karibu na pini hupunguza mtikisiko, ila chanzo kikiwa dhaifu, dawa ni chanzo kingine.

Sasa kiulize jina lake. Ndani ya MFRC522 kuna rejista ya toleo, kwenye anwani 0x37, na mfano wa DumpInfo unaokuja na maktaba ya MFRC522 ya Arduino huisoma na kuichapisha. Chipu halisi hujibu 0x91 au 0x92. Jibu la 0x88 ni la chipu ya kuiga, ambayo mara nyingi hufanya kazi vizuri tu, nami siikatai kwa jina lake. Jibu la 0x12 ni la bandia, na hiyo rudisha dukani. Lakini ukipata 0x00 au 0xFF, hujajibiwa na chipu yoyote: mawasiliano hayapo, na kuibadilisha programu ni kupoteza muda. Rudi kwenye nyaya. Angalia kwanza pini iliyoandikwa SDA. Maandishi hayo yamewapeleka wengi kwenye A4, wakidhani ni ile SDA ya I2C, wakati katika matumizi haya ya SPI ndiyo pini ya kuchagua chipu, na kwa mifano ya maktaba hiyo huenda kwenye pini 10 ya Uno. RST huenda 9, MOSI 11, MISO 12, SCK 13. Anayetumia Arduino Mega asinakili namba hizi, kwa sababu SPI yake iko kwenye pini 50 hadi 52.

Kibao kikitaja jina sahihi kimefaulu nusu tu ya mtihani. Nusu ya pili ni antena, na hapa ndipo vibao viwili vinavyofanana kwa sura hutengana kabisa. Chukua kile kidude cha bluu. Koili yake ni ndogo kuliko ya kadi nyeupe, kwa hiyo hupokea nguvu kidogo. Kibao kizuri hukisoma bila ya kukisugua wala kukitafutia pembe, na kadi nyeupe huisoma kwa umbali wa sentimita mbili tatu hewani. Kibao kinachokubali kadi nyeupe na kukataa kidude, au kukataa vibandiko vidogo vya NTAG, kina antena dhaifu. Mara nyingi kosa liko kwenye koili mbili ndogo zilizoandikwa L1 na L2, ambazo kwenye matoleo ya bei nafuu haziwezi kubeba mkondo unaotakiwa. Mwenye mkono mtulivu huzibadilisha kwa za mikrohenri 2.2 zenye uwezo mkubwa zaidi, na kibao hufufuka. Programu inaweza kuongeza usikivu kutoka desibeli 33 hadi 48, na inafaa kujaribu, lakini huko ni kusikia zaidi; nguvu inayofika kwenye kadi haiongezeki. Na usikifunge kibao juu ya bati au ndani ya boksi la alumini. Chuma nyuma ya antena hula mawimbi yake.

Wakati mwingine kibao hakina kosa lolote, kadi ndiyo ya ukoo mwingine. Kadi za kilohezi 125 zinafanana kwa nje na hizi, na RC522 haitazisoma kamwe. Zisogeze kwenye simu yenye NFC: simu ikizitambua, ni za megahezi 13.56; isipozitambua, zitilie shaka. Simu nayo usiisajili kama kadi, kwani nyingi hutoa namba mpya kila zinapoguswa.

Programu huja mwisho. Kikisoma kadi mara moja kisha kikaganda, tazama kama umeita PCD_StopCrypto1 baada ya kuthibitisha ufunguo wa kadi. Bila hiyo hakianzi mazungumzo mapya. Na hata kikifanya kazi vizuri, usikabidhi mlango wa stoo ya fedha kwa namba ya kadi pekee. Namba hiyo hunakilika, na usimbaji wa Mifare Classic, aina ya kadi ambayo kwa kawaida huja na kibao hiki, ulivunjwa hadharani na watafiti mwaka 2008.

Kabla ya kufunga boksi kwa skurubu, kigonge kibao kwa kidole, tikisa waya, kiache kiwake hadi jioni, kisha jaribu kidude cha bluu tena na tena kwa umbali uleule. Kikikosa hapo, kisifungwe kwenye mlango wa mtu.