Fumbo la Kichochoroni

Tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya Marekani kuondoa ukungu iliouweka makusudi katika ishara za setilaiti zake, Dave Ulmer alificha ndoo msituni Oregon, ndani yake daftari na vikorokoro, kisha akatangaza latitudo na longitudo yake. Masharti: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini.

Mchezo huo ulipoingia vitongoji vya Uingereza ulikutana na njia za miguu zilizosahauliwa, vichochoro baina ya ua na ua ambavyo sheria inamlindia mpitaji haki yake huku miiba ikivifunga. Humo ndoo ilinywea ikawa kikopo cha filamu, na daftari likawa utepe wa karatasi.

Na hapo ndipo utunzi wake unapostahili kupimwa. Mfichaji ni mtunzi hasa. Hutoa dokezo ambalo kila herufi yake imesogezwa nafasi 13, fumbo linalofunguliwa kwa ufunguo ule ule uliolifunga. Humlazimisha msakaji atazame mzizi, kigingi, tundu la ukuta, vitu asivyovitupia jicho awahiye treni. Mpataji je? Aghalabu huacha tarehe, lakabu, na herufi nne za shukrani, TFTC. Ni haba mno. Utepe ni mwembamba, naam, lakini udhuru huo hauwezi kumridhisha aliyezoea kipande cha mizani nane. Hata hivyo bubu huyo wa karatasini, kwa nyayo zake tu, huyakanyaga majani yawashayo, na kichochoro hupitika msimu mwingine.