Mkono Unaobeba Bunduki

Mpiga shabaha amesifiwa vya kutosha. Leo namsifu mbebaji. Askari wa wanyamapori anayetoka kituoni alfajiri kwenda doria ya miguu upande wa Machochwe anaweza kutembea kutwa nzima, na kesho yake tena, bunduki isilie hata mara moja. Mwenye haraka ataona kwamba siku hizo mbili hazikuwa na kazi. Kumbe kazi ilikuwa hiyohiyo: kupita na risasi katikati ya vichaka, mifugo na watu, saa baada ya saa, pasipo mtutu kumwangalia asiyestahili kuangaliwa.

Machochwe ni kata ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, jirani kabisa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Shamba la mahindi linapokoma, pori linaanza, na wanyama hawajui palipopita mpaka. Tembo huingia kwenye mtama usiku. Fisi huvunja zizi. Bweha huvizia mwanakondoo aliyebaki nyuma ya kundi. Hapo ndipo anapoitwa bwana nyama, yaani huyo askari wa wanyamapori, na mara nyingi sehemu kubwa ya njia ataimaliza kwa miguu, maana gari halipiti kwenye vichaka vya mtoni wala kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikishika.

Huko Marekani wapo wanaomfuata koyote kwa miguu, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu anayewasumbua wafugaji kama bweha anavyowasumbua wa kwetu. Wengi wao hutembea kwenye nyika ambazo mtu anaweza kuzunguka asubuhi yote asikutane na mwenzake. Mtu wa huko huko, Jeff Cooper, askari wa majini aliyegeuka mwalimu wa silaha, ndiye aliyezieneza kanuni nne zinazofundishwa sasa sehemu nyingi duniani: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usikielekezee mtutu kitu usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse triga mpaka umekwisha kulenga, kijue unachokilenga na kilicho nyuma yake. Ni kanuni njema. Ila hiyo ya nne, ukiileta Machochwe, inakuwa nzito kuliko zote. Nyuma ya fisi kuna kichaka, nyuma ya kichaka kuna mtoto na mbuzi wake, na nyuma ya mtoto kuna mji wa watu. Risasi ya milimita 7.62 inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili kabla ya kuanguka. Ndiyo maana askari mwenye uzoefu hupenda kumwona mnyama akiwa mbele ya kichuguu kikubwa au ubavu wa mlima, udongo uimeze risasi. Mwamba haumfai, kwa kuwa risasi ikigonga jiwe huruka kwenda isikotumwa.

Nimetembea nyuma ya askari hawa, na nilichojifunza kwanza ni kutazama mikono. Wakiwa kwenye mstari mmoja, kila mtu nyuma ya mwenzake, wa mbele huelekeza mtutu mbele na chini kidogo. Anayemfuata huuweka kushoto, wa tatu kulia, wa mwisho huutoa nje ya mstari kuelekea upande wa nyuma. Njia ikipinda, mitutu yote inahama pamoja nayo bila mtu kusema neno. Kijana mgeni akijisahau, mtutu ukaanza kuelekea mgongo wa aliye mbele, utasikia sauti ndogo, "Mtutu, kijana," na safari inaendelea. Hakuna anayegomba. Karipio la kelele porini ni la hatari, tena halihitajiki: neno lenyewe linatosha kumfanya kijana atoke jasho.

Mkanda begani, mtutu juu, unafaa uwandani. Ukiingia vichakani, ubebaji huohuo unakuwa adui, kwa sababu matawi hunasa mtutu na kuugeuza. Hapo bunduki hushuka kifuani, mikono miwili, mmoja kwenye kitako karibu na triga lakini kidole kimenyooka juu ya chuma, nje kabisa ya kizingo cha triga. Kidole hicho kilichonyooka ndicho ninachokisifu kuliko vyote. Mtu akijikwaa kwenye shimo la ngiri, mwili wake wote hukaza na vidole hujikunja vyenyewe kabla akili haijajua kimetokea nini. Asiyekizoeza kidole chake kukaa nje siku zote hatakumbuka kukitoa wakati anaanguka. Kuanguka nako kunafundishwa: magoti na kiwiko vipokee ardhi, bunduki isukumwe mbali na wenzio, na ukishainuka uangalie kama mtutu haukuchota tope. Tope ndani ya mtutu likikutana na risasi, chuma huweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Askari wengi hubeba bunduki ya jamii ya AK, ambayo kwetu huitwa SMG. Wenzo wake wa usalama uko ubavu wa kulia. Ukiwa juu, triga imefungwa. Ukiushusha hatua ya kwanza bunduki humimina. Ukiufikisha chini kabisa hutoa risasi mojamoja. Wenzo huo hulia kwa sauti kavu inayosikika mbali palipo kimya, kwa hiyo askari anajua kwamba kujiandaa kwake kutasikiwa na tembo, na vilevile na jangili. Ndipo linapokuja swali linalobishaniwa kila kituo: risasi iwe chemba, au magazini ijae na chemba ibaki tupu? Chemba tupu ni salama kwa wenzako. Lakini nyati aliyejeruhiwa na waya wa mtego akitoka kichakani hatua kumi kutoka ulipo, muda wa kukoki huenda usiupate. Wakubwa wa doria huamua kwa kuitazama nchi: uwandani chemba tupu; mtoni, penye vichaka vilivyofungamana, aliye mbele peke yake ndiye anayeweka risasi chemba, na wengine wanaambiwa. Nakubaliana nao. Anayetaka kila bunduki iwe tayari muda wote humwogopa mnyama kuliko anavyowaogopea rafiki zake.

Bunduki nzito za kumkabili tembo, kama ile ya .458 iliyotoka mwaka 1956, zina bolti ya kuvuta kwa mkono, na hizo ni rahisi kuaminiana nazo: bolti ikiwa wazi, kila mtu anaona chemba. Kwenye kijito utaratibu ni mmoja. Wa kwanza anatoa risasi, anafungua bolti, anamwonyesha mwenzake, anampa bunduki, anavuka mikono mitupu, kisha anapokea zote mbili, moja baada ya nyingine. Inachukua dakika kadhaa kuvuka maji ambayo mbuzi angeyaruka. Dakika hizo zimewarudisha watu wengi nyumbani kwao.

Gobore ni jambo jingine. Likishashindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, kuutoa mzigo wake ni kazi ngumu, na wenye nalo hutembea nalo limeshiba. Wazee waliolijua vizuri hawakuweka fataki mpaka mnyama ameonekana. Fataki ilikaa mfukoni, mbali na mtambo. Ni kanuni ileile ya chemba tupu, iliyogunduliwa na watu ambao hawakupita vyuo vya wanyamapori vya Pasiansi wala Mweka.

Pale Pasiansi, Mwanza, askari wa wanyamapori wamekuwa wakifunzwa tangu mwaka 1966. Kwata, shabaha, nidhamu ya silaha, yote hayo chuo hutoa. Kitu ambacho chuo hakiwezi kukitoa ni umati. Fisi akiua ng'ombe, yowe hupigwa, na kabla jua halijapanda wanaume wamejaa na mikuki, mapanga na mbwa, wenye hasira ya haki kabisa, kwa sababu ng'ombe kwa Mkurya wa huku ni mahari, ni ada ya shule, ni heshima. Kila mmoja anataka kuwa mbele. Askari mwenye bunduki iliyojaa anatembea katikati ya watu wanaokimbia kulia na kushoto kwake. Nimemwona mmoja akisimama, akatoa risasi chemba mbele ya wote, akawaamkia wazee, akasema hatasogea hatua moja mpaka watu wote wawe nyuma yake na mbwa wameshikwa. Vijana walinung'unika. Mzee mmoja akawaambia, "Msikilizeni afande. Fisi ameua ng'ombe, nyie mnataka kuongeza mtu." Wakarudi nyuma. Fisi alikuwa amekwisha kuvuka kuingia hifadhini, na hakuna risasi iliyopigwa. Asubuhi ile niliona ustadi ambao hautaandikwa kwenye taarifa yoyote, kwa kuwa taarifa huandika kilichouawa.

Askari yule alibeba bunduki kwa namna iliyowaruhusu watu kumkaribia tena baadaye, na hilo ni kubwa. Kati ya vijiji na hifadhi kuna machungu ya miaka mingi, ya mashamba yaliyoliwa, ya ndugu waliokamatwa, ya kifuta jasho kinachongojwa. Katika nchi ya namna hiyo mtutu unaozungushwa ovyo mbele ya watu ni tusi hata kama chemba ni tupu.

Doria ikikutana na kina mama wenye kuni njiani, waliofunzwa vizuri hufanya hivi: hutoka njiani upande wa chini, mitutu yote ikageuzwa kule kusiko na mtu, mkono wa kulia ukaachia kitako.

"Shikamooni, mama zetu."

"Marahaba, wanangu. Mnaelekea mtoni? Tembo wako huko, na mmoja ana mtoto."

Kiongozi anashukuru, anauliza ni upande gani wa mto, wanaonyeshwa kwa kidevu. Doria inageuka kufuata mgongo wa mlima, na aliyekuwa na mtutu kushoto anauhamishia kulia.