Sifa za Mkono Unaochuma Kibwabwa

Mwezi wa kwanza, mji wote wa Likasi, huku Katanga nchini Kongo, ni kijani na watu wana njaa. Mvua zimeshanyesha kwa wiki nyingi, mahindi yamempita mtu urefu, lakini masuke bado hayajajaa, na unga wa mavuno yaliyopita umebaki vumbi tu chini ya gunia. Ni wakati huohuo maboga yaliyopandwa katikati ya mahindi huanza kutoa maua. Nyumba inayataka majani ya boga kuliko majira mengine yoyote, na mmea nao unayataka majani yake kuliko majira mengine yoyote. Mwenye kuamua ni mama aliyeinama mle shambani na kikapu chake, na kila asubuhi anaamua upya.

Majani hayo, ambayo Katanga tunayaita kibwabwa, wengi huyachukulia kuwa mboga ya bure, kitu cha kukwanyua tu. Mimi nasema kuyachuma wakati wa maua ni ufundi kamili, wenye kanuni zake na macho yake.

Tazama jinsi mmea wenyewe ulivyo. Boga hutoa maua ya namna mbili kwenye shina moja. Maua dume hutangulia, yamesimama juu ya vikonyo virefu vyembamba. Ua jike huja baadaye, fupi, likiwa na kijiboga kidogo nyuma yake hata kabla halijafunguka. Hufunguka alfajiri, na jua likishapanda limekwisha kujikunja. Nyuki asipofika katika saa hizo chache, kijiboga hugeuka njano na kuanguka. Nyuki akifika, kijiboga huanza kudai chakula, na chakula hicho hupikwa na majani, hasa yale yaliyo karibu nacho. Jani lililokomaa ni jiko. Jani changa bado linakula kutoka kwa wenzake. Ni mpaka likue kiasi ndipo linapoanza kulisha wengine. Basi anayechuma jani laini anachukua kitu ambacho mmea umekigharamia na haujapata faida yake. Akichuma hovyo anakula mtaji wa mmea. Akichuma kwa kipimo, mmea hulipa na kuendelea.

Kipimo hicho ndicho mama mzoefu anacho vidoleni. Haanzi na jani zuri kuliko yote. Kwanza anatafuta ua jike, na akishaliona, jani la kwenye fundo lile haligusi, wala yale ya jirani. Kisha anafuata shina mpaka kwenye matawi ya pembeni, yale yaliyokimbilia kwenye kivuli cha mahindi bila kuzaa chochote, na huko mkono wake unakuwa mkarimu. Anakata ncha za matawi hayo, zile laini zenye vikonyo vya kujishikizia vilivyojisokota, kwa sababu ncha ikikatwa matawi mapya huchipuka kutoka kwenye mafundo ya nyuma, na juma lijalo kutakuwa na cha kuchuma tena. Maua dume nayo anayachukua, maana ni mboga tamu, lakini hayamalizi. Anajua kuwa bila hayo nyuki hana cha kubeba. Jani zee, gumu, lenye manyoya ya kuchoma, analiacha. Watoto hudhani analiacha kwa sababu haliliki. Kweli haliliki, lakini ndilo linalolisha boga.

Huko Kericho, Kenya, mchumaji wa chai anajulikana kwa kanuni yake ya majani mawili na chipukizi. Kanuni hiyo imeandikwa, inafundishwa, inapimwa kwenye mizani, na dunia nzima inajua kuwa ubora wa chai huanzia kwenye vidole vile. Mchumaji wa chai, hata hivyo, anafanya kazi juu ya mti ambao hautarajiwi kuzaa tunda. Mama wa Likasi anachuma kwenye mmea ambao lazima utoe majani leo na maboga mwezi wa tatu, tena mbegu za mwakani. Hesabu yake ni ngumu zaidi, na hakuna mahali ilipoandikwa.

Jambo hili linanigusa hasa kwa sababu Likasi ni mji unaojua kuheshimu mikono. Ulipoitwa Jadotville, na hata baada ya hapo, ulihesabu watu kwa kazi zao: fundi wa mitambo, mchomeleaji, mtu wa tanuru la Panda, mtu wa mapipa ya asidi ya Shituru. Kazi ilikuwa na daraja, na daraja lilikuwa na mshahara na mgao wa unga. Mwaka 2003 na 2004, kampuni ya madini ya Gécamines ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa malipo ya kuondoka kwa hiari, madaraja mengi yalikwisha kwa mkupuo. Nyumba nyingi zilisimama kwa mashamba yaliyokuwepo tangu zamani pembeni, viwanja vya nyuma na vipande vya ardhi nje ya mji. Ufundi ulioshikilia sufuria ulikuwa ule usio na daraja. Sijawahi kusikia mtu akimwita mchuma kibwabwa fundi. Nadhani tumemkosea jina.

Na hapa kwetu ufundi huu una sehemu moja zaidi ambayo Kericho hawaijui. Malori ya shaba na kobalti yanapita mjini kati ya Kolwezi na Lubumbashi, na vumbi lake hutua kwenye majani. Jani la boga ni pana na lina manyoya. Hushika kila kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno mwilini. Mama mwangalifu hachumi kando ya barabara kuu. Anachuma ndani, nyuma ya mistari ya mahindi, na nyumbani anaosha kwa maji mengi, mara kadhaa. Maji hayatoi kile ambacho mizizi imekinyonya ardhini, ndiyo maana uchaguzi wa shamba ni nusu ya kazi. Wazee walikwepa vilima visivyoota miti, vile vinavyofunikwa na mimea midogo inayopenda shaba, na walikuwa na akili.

Baada ya kuchuma kuna kumenya, na hii ni starehe ya kuitazama. Mama anavunja ncha ya kikonyo cha jani, ambacho ndani ni kitupu kama bomba, anavuta, na ngozi yenye nyuzi inatoka mpaka kwenye mishipa ya jani. Jani lililobaki limelegea, halichomi ulimi. Majani yanakatwa, yanaiva haraka, kisha unga wa karanga zilizotwangwa unaingia na moto unapunguzwa. Kwa bukari, yaani ugali, hiyo ni karamu katika mwezi ambao hakuna karamu.

Mwezi wa tatu ukifika, unga mweupe wa ukungu unaanza kutapakaa kwenye majani, na mkono unasita wenyewe. Mahindi mabichi yameshaingia jikoni; kibwabwa hakina haraka tena. Majani yaliyobaki yanaachiwa maboga yaliyo chini yake, na mama anazunguka akiweka nyasi kavu chini ya kila boga lisioze kwenye tope. Moja analitia alama kwa kuchuna ganda kidogo kwa ukucha. Mbegu za mvua zijazo zitatoka humo, na amelichagua shina lile kwa sababu lilichumwa sana na bado likazaa.